Banda la kuku la kuhamishika linasumbua? Anzia kwenye dalili

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku wachache uani, awe Njiro au Sakina mjini Arusha, Pasua mjini Moshi, au kwenye kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) huko Kibosho, na banda lisilo na sakafu linalosogezwa kila siku ili kuku wapate majani mapya. Vipimo vyote humu ni vya banda la urefu wa futi 8, upana futi 4 na kimo futi 3, yaani sentimita 240 kwa 120 kwa 90. Theluthi moja imeezekwa bati na kuzibwa pembeni, ndiyo sehemu ya kulala na kutagia. Theluthi mbili zilizobaki ni wavu pande zote, pamoja na juu. Humo wanakaa kuku wakubwa wanne kwa raha. Watano wanabanana, na ukiweka sita umejitakia.

Kabla ya kushika nyundo, jiulize: mara ya mwisho banda lilisogezwa lini? Harufu, matope, kuku kuhara, majani kuungua, mchwa kwenye mbao za chini, mara nyingi vyote hivyo vina mzizi mmoja, kwamba banda limeganda mahali pamoja kwa wiki nzima. Na ukiuliza kwa nini halisogezwi, jibu karibu kila mara ni lile lile: ni zito. Ndiyo maana tunaanza na uzito, hata kama wewe umekuja hapa kwa sababu ya harufu.

Banda ni zito, mtu mmoja haliwezi

Chukua mizani ya ndoano, ile wanayopimia magunia sokoni, funga kamba kwenye ncha moja ya banda na uinue hadi ncha hiyo iachane na ardhi. Kisha pima ncha ya pili. Jumla ya vipimo viwili ndiyo uzito wa banda. Ncha unayoinua ikizidi kilo 20, hakuna mtu atakayelisogeza kila asubuhi kwa mwezi mzima. Atafanya hivyo siku za mwanzo, baadaye ataanza kuruka siku.

Chanzo cha kwanza ni mbao nene. Ukimwambia fundi unataka banda la kuku, mawazo yake yanakwenda kwenye banda la kudumu, kwa hiyo anapiga mbao za 2x3 (inchi 2 kwa 3) kila mahali. Fremu ya banda hili, ukihesabu mbao za chini, za juu, nguzo sita, mbao za mshazari na mlango, inakula takribani mita 26. Paini au saiprasi iliyokauka, ya 2x2, ina uzito wa kilo 1 na robo hivi kwa mita. Ikiwa mbichi inafika kilo 2 au zaidi. Fremu ya 2x3 mbichi peke yake ni kama kilo 78, na ukiongeza bati na wavu unakaribia 90. Ukitumia 2x2 kwa mbao nne za chini tu, na 1x2 kwa kila kitu kingine, fremu kavu inashuka hadi kilo 21 hivi, na banda zima linakuwa kilo 33 mpaka 38. Hilo mtu mzima analiinua upande mmoja bila kukunja uso.

Chanzo cha pili ni ubichi wenyewe. Mbao nyingi zinazouzwa Arusha na Moshi ni za mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro, na mara nyingi zinafika dukani bado zina maji. Zipange kivulini, kila safu ukiitenganisha na vipande vya fito ili hewa ipite, kwa wiki nne hadi sita. Ukizipiga misumari zikiwa mbichi utalipa mara mbili, maana leo banda litakuwa zito, na zikija kukauka zitasinyaa na misumari italegea.

Chanzo cha tatu ni bati kwenye paa lote. Theluthi inatosha. Na geji 30, lile bati jembamba, inatosha pia, kwani hakuna atakayepanda juu yake.

Kama banda limeshajengwa na huna moyo wa kulibomoa, weka magurudumu mawili upande wa kulala, ambao ndio mzito. Tumia ya toroli au ya baiskeli ya mtoto, yenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 30. Yale madogo ya viti vya ofisini yanazama kwenye udongo wa masika na hayatoki. Ekseli ikae sentimita 15 nje ya ncha ya fremu, na banda likiwa limetulia, gurudumu liwe sentimita 1 juu ya ardhi. Hapo ukiinua ncha ya mbele kama sentimita 40, gurudumu linashuka, linagusa ardhi, na ukingo wa nyuma unanyanyuka kidogo, unakokota. Wengi hufunga gurudumu likiwa linagusa ardhi muda wote. Banda linabingirika vizuri kweli, lakini ukingo wa nyuma unabaki umening'inia, na nguchiro au kicheche anapita hapo hapo bila kuchimba.

Banda limepinda, mlango haufungi

Fremu ya pembe nne iliyopigwa misumari tu haina nguvu ya kuzuia kuyumba. Kila unapoivuta, pembe zinafunguka na kufunga kidogo, na baada ya majuma machache misumari imeshachimba matundu yake. Pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe ya pili kwa mshazari, halafu mshazari mwingine. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 2, banda limepinda.

Linyooshe kwanza kwa kulisukuma hadi mishazari ilingane, ndipo uongeze mbao za 1x2 za mshazari kwenye pande zote ndefu na kwenye ncha. Kwenye pembe za chini weka vipande vya plaiwudi vya pembetatu, kila upande sentimita 15, kwa skrubu za inchi 1 na nusu. Toboa kwanza kwa drili, la sivyo ncha za 1x2 zitapasuka. Misumari mipya kwenye matundu ya zamani haishiki kitu.

Halafu angalia unavyovuta. Kamba iliyofungwa kwenye pembe moja inalipinda hata banda imara. Ipitishe kwenye mbao zote mbili ndefu za chini, iache kitanzi katikati, na uvute kwa kitanzi hicho.

Asubuhi kuna kuku aliyekufa, au hayupo

Usianze kuziba matundu ovyo. Soma kwanza kilichoachwa, kwa sababu kila mnyama ana mkono wake na kila mmoja anahitaji dawa tofauti.

Kuku amekufa karibu na wavu, kichwa au shingo imeliwa, mwili uko ndani: huyo aliyeua hakuingia. Ni paka, kanu au kicheche aliyemvuta kupitia tundu. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu ya inchi 1 na zaidi, na kuku anayelala amejibanza pembeni anatoa shingo bila kujua. Zungushia weldimeshi (wavu mgumu wa waya uliochomelewa) ya nusu inchi sehemu ya chini, kimo cha sentimita 45 hadi 60. Kisha sogeza kijiti cha kulalia kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye wavu wowote.

Kuna shimo jipya chini ya mbao: mbwa, au nguchiro. Shimo pana lenye udongo uliorushwa mbali ni la mbwa. Tundu jembamba ni la mnyama mdogo, na kwa kuwa nguchiro wengi hutembea mchana, shimo linaweza kuchimbwa saa nane mchana wewe ukiwa kazini. Usichimbie wavu ardhini, banda si litahama kesho? Badala yake funga sketi ya wavu yenye upana wa sentimita 30, ilale juu ya ardhi kuzunguka banda lote, imeshikiliwa kwenye mbao ya chini kwa vitanzi vya waya laini ili iweze kukunjwa juu wakati wa kusogeza. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta wavu chini ya miguu yake, hurudi nyuma hatua moja tu, anajaribu tena, anachoka. Weka jiwe kila pembe.

Wavu umechanika au umeng'olewa: huyo ni mbwa, na hapa tatizo si wavu peke yake, ni ulivyofungwa. Misumari ya U iliyowekwa kila sentimita 20 inang'oka kwa mkupuo mmoja. Iweke kila sentimita 7, wavu ukae upande wa nje wa fremu ili anayesukuma aukandamize kwenye mbao badala ya kuusukuma utoke, kisha ubane ukingo kwa kipande cha ubao chembamba.

Vifaranga wanapungua bila damu wala manyoya: mchana ni mwewe au kunguru, ikiwa juu hakuna wavu. Usiku fikiria nyoka au panya. Wote wawili wanazuiwa na wavu wa nusu inchi, na kwa vifaranga wadogo sana, robo inchi, ule wa kuanikia kahawa. Usiwalaze vifaranga kwenye banda la wavu wa inchi moja, hata mama yao akiwepo.

Kuku wamekufa wakiwa na siafu machoni na kwenye njia ya haja: hili ni la sehemu za mlimani zenye unyevu, hasa mvua zinapoanza. Kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Majivu kuzunguka banda husaidia yakiwa makavu tu, na siafu mara nyingi husafiri siku za unyevu. Ukiona msafara jioni, hamisha banda mbali kabisa, upande mwingine wa kiwanja, au walaze kuku ndani ya nyumba usiku huo.

Kuku wote hawapo, mlango uko wazi, hakuna unyoya: huyo ana miguu miwili. Banda jepesi lina ubaya huo, vibaka wawili wanaweza kulibeba lote. Kwa mjini, kufuli kwenye komeo hakutoshi bila mnyororo unaofunga fremu kwenye mti, na hata hivyo salama zaidi ni kuwahamishia kuku stoo kila jioni na kuwarudisha asubuhi.

Kuku kadhaa wamekufa ndani ya siku chache bila jeraha, wengine wamepinda shingo au wanahara kijani: hilo si la banda. Fikiria mdondo (kideri, au Newcastle), mwite mtaalamu wa mifugo wa kata, usiuze wala kugawa waliobaki. Chanjo ya matone ya jicho ya I-2 kila miezi mitatu inazuia. Banda kuhamishwa hakuzuii.

Kuna uwazi chini ya mbao

Kwenye vihamba vya Machame na Marangu ardhi haijanyooka. Kuna matuta, mashina ya migomba na mifereji. Banda la futi 8 likitua juu ya tuta, ncha zote mbili zinaelea. Uwazi unaopitisha ngumi unapitisha kicheche.

Dawa ya haraka ni vipande vya mpira wa tairi bovu, upana wa sentimita 12, vilivyopigiliwa kwenye mbao ya chini na kuachwa vining'inie. Vikatwe kila sentimita 20 ili kila kipande kifuate ardhi yake. Mpira mmoja mrefu usiokatwa hausaidii, unabaki umenyooka juu ya shimo. Kwa kiwanja chenye mteremko mkali, ni bora kujenga banda la futi 6 kwa 3 na kuku wawili au watatu. Na mteremko wowote utakaokuwa nao, urefu wa banda uufuate mkingamo, si kushuka, ili lisiteleze na maji ya mvua yasipite katikati ya sehemu ya kulala.

Kwenye kihamba kuna jambo jingine: kahawa ikiwa imepigwa dawa ya kopa au ya wadudu, usiingize banda chini yake kabla ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa kupita. Kuku hula majani yaliyodondokewa.

Majani yameungua, au yamekuwa matope

Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi. Siku moja mahali pamoja ni mbolea. Siku tatu, ukoka unageuka njano, na baada ya wiki umebaki udongo. Banda hili linafunika karibu mita za mraba 3. Ili kila kipande kipumzike siku 28, unahitaji mita za mraba 80 za majani. Hesabu ua wako. Ukiwa na 40 tu, unarudi pale pale baada ya wiki mbili, na njia ya uaminifu ni kupunguza kuku wawe wawili, si kujidanganya kwa ratiba.

Muda wa kupumzisha una kazi nyingine. Vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu hutoka na kinyesi na vinahitaji unyevu na joto kwa siku moja au mbili kabla ya kuweza kuambukiza. Ukisogeza banda kila siku, kuku wanaondoka kabla havijakomaa. Vifaranga wa wiki tatu hadi nane ndio wanaoumia zaidi. Ukiona kinyesi chenye damu na kuku mdogo amejikunyata, sogeza banda siku hiyo hiyo, nenda duka la dawa za mifugo, na chombo cha maji kipande juu ya tofali ili kinyesi kisiingie.

Masika, Machi hadi Mei, ni habari nyingine. Mvua ikinyesha mfululizo, hata kusogeza mara mbili kwa siku hakuokoi majani, kuku wanne wanayakanyaga yakawa uji. Hapo tunashauri kitu ambacho wapenzi wa banda la kuhama hawapendi kukisikia: lisimamishe. Chagua mahali palipoinuka, tandaza maranda au pumba za mpunga, zile za Mabogini zinafaa sana, unene wa sentimita 10 hadi 15, lifunike lote kwa turubai lililoinama upande mmoja, na uligeuze tandiko kila siku mbili. Likilowa, ongeza kavu juu. Mvua zikiisha, banda linaanza tena kuhama na tandiko linaenda kwenye migomba.

Ila likisimama, mchwa wanalipata. Banda linalohama kila siku ni nadra kuliwa, hawapati nafasi ya kujenga. Weka tofali chini ya pembe na ukague mbao za chini kila wiki. Oili chafu inayopakwa nguzo za uzio usiipake hapa: kuku wanadonoa mbao, na inamwagika kwenye udongo wanaoparua. Mbao ya chini ikioza, ng'oa na uweke nyingine. Ndiyo maana ipigwe skrubu, si misumari.

Kuku anaumia wakati wa kusogeza

Mbao ya nyuma inamkanyaga yule mvivu. Sogeza asubuhi kabla ya kulisha. Weka chakula mbele, wote wakimbilie huko, halafu vuta polepole, hatua moja, simama, hatua moja. Tundika kitambaa au vipande vya gunia kwenye ncha ya nyuma, ndani. Vikiwagusa wanasogea wenyewe.

Kuku wanahema midomo wazi

Moshi mjini, Januari na Februari, bati lililo sentimita 90 juu ya ardhi ni jiko. Funika bati kwa majani makavu ya migomba, unene wa sentimita 10, yafungwe kwa kamba. Acha uwazi wa sentimita 10 chini ya paa pande mbili zinazotazamana, uzibwe kwa wavu. Sehemu ya wavu iwe kivulini kuanzia saa tano asubuhi, kwa hiyo panga ratiba ya kusogeza ukifuata kivuli cha mti. Kuku mmoja mkubwa hunywa robo lita hivi kwa siku, na kwenye joto kali hufika nusu lita. Kuku wanne wasiachiwe chini ya lita 2.

Arusha, Juni na Julai, tatizo ni kinyume. Watu huziba kila tundu kwa nailoni, asubuhi bati linadondosha maji na ndani kunanuka mkojo mkali. Baridi kavu kuku anaivumilia, ila unyevu na upepo unaompiga akiwa amelala havumilii. Ziba upande wa upepo, acha matundu ya juu wazi.

Hawataki kuingia kulala

Ikiwa walikuwa wanaingia na sasa wanalala kwenye wavu, ingia na tochi usiku, saa mbili au tatu hivi. Angalia chini ya kijiti na kwenye maungio ya mbao. Vidudu vyekundu vidogo kama punje za unga ni utitiri. Mchana wanajificha kwenye nyufa, usiku wananyonya damu, na upanga wa kuku unapauka. Toa vijiti, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ungio, paka dawa ya unga kutoka duka la mifugo kwa kipimo kilichoandikwa, na urudie baada ya siku 7 kwa sababu mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza.

Bila utitiri, kagua kijiti chenyewe: upana sentimita 4 hadi 5, kingo zimepigwa randa, sentimita 25 kwa kila kuku. Bomba la chuma linateleza na lina baridi.

Mayai yanavunjika au hayaonekani

Kiota cha sentimita 30 kwa 30 kwa 30, kimoja kwa kuku wanne, kiwe upande wenye giza na kifungwe kwenye fremu kwa skrubu, kisiwe boksi lililowekwa tu chini, kwa sababu kila ukisogeza mayai yanagongana. Okota mayai kabla ya kuvuta banda. Ukingo wa mbele wa kiota uwe na kimo cha sentimita 10. Kama bado yanapotea bila maganda, rudi kwenye mambo ya nyoka na nguchiro hapo juu. Kama maganda yapo na yamelowa ute, anayekula ni kuku wako mwenyewe. Wape maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, na chokaa ya mifugo, na uokote mara mbili kwa siku.